Salamu Nilizomjibia Mzee

Nikisikia mtu akisema watu wa kwetu wanakataa maendeleo, namkatiza hapo hapo. Kitanda cha baiskeli hawakukikataa. Mimi ndiye niliyekiharibu, na heri niseme mwenyewe kuliko kusemewa.

Ilikuwa miaka ya tisini, upande wa Karungu, katika kijiji ambacho gari lilifika kiangazi tu, tena likiwa limepotea njia. Zahanati ilikuwa mbali, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Mgonjwa alibebwa na wanaume wanne, na wanaume wanne hawapatikani kirahisi mahali ambapo kila mmoja yuko ziwani. Basi sisi akina mama wa kanisa tukamwomba fundi mmoja wa Migori atutengenezee kitanda cha vyuma chenye magurudumu mawili, cha kufungwa nyuma ya baiskeli na kuvutwa. Kaka yangu, mtu wa miguu migumu, akawa mwendeshaji. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi, nikawa nafuata nyuma nikisukuma penye vilima. Ufunguo wa kufuli lake nilikaa nao mimi.

Sharti lilikuwa moja, na hatukuliandika popote kwa kuwa hakuna aliyeona haja. Kitanda kinapeleka mgonjwa, hakirudishi maiti. Nani angekubali kulala alipolazwa maiti?

Siku moja tukampeleka mzee aliyeumwa kifua. Tulimfikisha saa nne, akafa saa sita, mkewe amemshika mkono. Huyo dani, ndivyo tunavyomwita bibi wa umri ule, hakuwa na uwezo wa kukodi gari. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu. Kaka yangu akasema, "Usithubutu." Nikamwambia afunge mdomo wake, huruma nayo ni dini. Tukamlaza mzee, tukamfunika blanketi mpaka kidevuni, kofia usoni, tukaanza kurudi, dani akitufuata, kama watu waliopewa dawa wakaambiwa waende nyumbani.

Nilisahau salamu. Kwetu hupiti mgonjwa bila kumsalimu, hata kama humjui. Kila tuliyekutana naye alisimama. "Ugua pole, mzee." Nikajibu, "Asante, amelala." Mwingine akauliza anaendeleaje. Nikasema ana nafuu. Pale kijitoni mama mmoja aliyekuwa akifua aliinuka, akapangusa mikono, akasogea karibu kabisa na kumgusa mzee begani. "Oimore, baba," akamtakia jioni njema. Nami nikaitikia, "Oimore ahinya," kwa sauti ya chini, nzito, ionekane imetoka chini ya kofia. Hadi leo sijui nini kilinituma. Kaka yangu aligeuka akanitazama, kisha akaongeza mwendo.

Tukatangaza kwamba mzee amefia kwake. Labda yangeishia hapo. Lakini siku ya mazishi dani alisimama mbele ya waombolezaji wote akatushukuru. Alieleza kwa moyo mweupe jinsi tulivyomrudisha mumewe juu ya kitanda, hata nikamjibia salamu njiani ili asidhalilike. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yule mama wa kijitoni alikuwepo. Aliutazama mkono wake, akaufuta kwenye kanga, akaufuta tena.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuuliza ufunguo. Watu wenye malaria walipita mbele ya mlango wangu wakijikokota kwa fimbo, na kitanda kimeegemea ukuta wa kanisa, kuku wanalala humo.

Na wifi yangu, mke wa kaka huyo huyo, alikuwa na mimba ya miezi minane. Uzazi wake wa kwanza nusura umuue, na muuguzi alishasema: huyu asizalie nyumbani, na uchungu ukianza asikawie. Nilikuwa nikimwona amebeba maji nakosa raha. Yeye alinitania, "Wifi, ukinitazama hivyo mtoto atatoka na woga."

Uchungu ulimshika alfajiri moja baada ya mvua kubwa. Nikafukuza kuku, nikakisugua kitanda, nikatandika shuka langu jipya. Wifi akasimama mlangoni.

"Hapo silali."

Nikamfokea. Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Akaningoja nimalize, kisha akasema, "Si kwa sababu mzee alilala hapo. Ni kwa sababu ulimjibia. Kitanda hicho kimeshazoea mtu asiyejibu."

Akaanza kutembea. Mimi na kaka tukamfuata na kitanda kitupu, tope hadi vifundoni. Uchungu ukimjia alikishika chuma chake akainama, ukipita akakiachia kama kimemchoma. Nikapanda mimi nikalala, ili aone hakuna kitu. Mpita njia akanipa pole ya ugonjwa. Nikashuka upesi.

Jua lilikuwa limeshapanda tulipofika kijitoni, na hapo miguu yake ikakataa. Akalala mwenyewe bila kuambiwa, akanikamata kiganja. "Mtu akinisalimu, usinijibie."

Akajibu yeye. Kila salamu, meno yameumana, mpaka kwenye mlango wa zahanati. Mimi nilisukuma huku nikiomba asinyamaze.

Alipona. Mtoto hakulia. Muuguzi alimsugua mgongo, akamgeuza, akampulizia pumzi, mwisho akaitazama miguu yetu yenye tope na kusema laiti tungewahi kidogo tu. Alikuwa msichana. Kaka yangu alitoka nje, akakifungua kitanda kwenye baiskeli, akakiacha majanini nyuma ya zahanati. Jioni hiyo akambeba binti yake kwenda kumzika nyumbani.

Siku ya tatu nilirudi na wifi kwa miguu, polepole, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Pale kijitoni yule mama alikuwa anafua. Akautazama mgongo wa wifi usio na kitu, kisha akaniuliza mimi, "Mtoto yuko wapi?"

Nilifungua mdomo, mimi niliyekuwa na jibu la kila mtu.

Wifi akaniweka mkono kifuani kunizuia. "Usimuulize huyu," akamwambia. "Huyu atakuambia amelala."