Koti Jeupe la Kibatari

Kazini walimwita Kibatari, maana alishinda gizani akisubiri kitu kiwake. Alikuwa anaunda rangi moja ya ajabu: uidondoshe kwenye mkojo wa mgonjwa, itulie kimya mpaka ikutane na protini moja tu, ile inayovuja figo zikianza kuharibika. Hapo ndipo ing'ae buluu chini ya taa maalumu. Isipoikuta, isiwake.

Sasa jamani, yake iliwaka! Iliwaka penye protini, ikawaka pasipo na protini, ikawaka hata kwenye kichupa cha maji matupu.

"Hata maji yanaumwa figo?" profesa alimuuliza, wenzake wakijikaza wasicheke. "Kesho nakuja kuona kwa macho yangu. Maji yakiwaka tena, utafiti huu tunaufunga."

Kibatari alirudi nyumbani roho mkononi. Miaka yote ile aliyoitolea jasho rangi yake! Mama yake, ambaye kila balaa alilitibu kwa kufua, alimvua koti la maabara, akalisugua, kama kila mara, kwa sabuni yake ya kung'arisha, akalipiga pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe.

"Kama ni kufukuzwa, mwanangu, ufukuzwe ukiwa msafi."

Kesho yake profesa akaingia chumba cha giza, mikono nyuma, wafanyakazi wengine wakimfuata. Siku zote vichupa vilipimwa ndani ya mashine yenye kifuniko, lakini leo mzee alitaka kuona mwenyewe, kwa hiyo taa ilishikwa mkononi. Kibatari akachukua kichupa cha maji na rangi, akakifuta alama za vidole kwa pindo la koti, kama kawaida yake, akawasha.

Kichupa kikawaka. Wala hakuna aliyekitazama. Kibatari mwenyewe alikuwa anawaka, buluu tupu, kuanzia kola hadi magotini.

"Toba!" alipiga kelele. "Ni sabuni ya Mama! Dawa yake ya kung'arisha nguo inawaka chini ya taa hii! Kumbe nimekuwa nikivipaka vichupa sabuni!"

Akalivua koti, akalitupa nje ya mlango. Akaleta vichupa vipya, akavifuta kwa karatasi laini. Cha maji: giza. Chenye mkojo wa mtu mzima wa afya: giza totoro. Chenye protini kikawaka peke yake, na Kibatari akalia waziwazi mbele ya watu.

"Endelea na kazi," profesa alisema. "Koti libaki nje."

Jioni alimweleza mama yake yote. Mama akanuna.

"Kwa hiyo siku zote hizo mimi ndiye nilikuwa nakuharibia?"

"Hukujua, Mama. Hata mimi sikujua."

Mama akakunja kitenge chake, kisha akauliza, "Liliwaka lote?"

"Lote, Mama."

"Hata kwapani?"

"Hata kwapani."

"Basi," Mama alisema, uso ukimchanua, "huyo profesa wako leo ameona nguo iliyofuliwa."