Pamba ya Jumapili, Ipililo

Nilimchukia yule binti mgeni wa ofisini tangu siku aliyoshuka kwenye basi la Dar na laptop yake nyembamba. Ana digrii, hana mtoto, kucha zake hazijawahi kufua nepi. Mimi nina kidato cha nne, mtoto wa miezi saba, na miaka mitatu ya kuingiza fomu za pamba kwenye mfumo wa kampuni hapa Bariadi. Nafasi ya kudumu ya kuandaa ripoti ilikuwa moja tu, na niliitaka.

Ripoti yake ya kwanza ya wiki ilionyesha kituo cha Ipililo kimepima kilo sifuri. Meneja akasema basi, mizani ya pale ihamishwe. Yule binti akaangalia jumla, akaangalia tena.

"Labda hawana pamba."

Hawana pamba! Nimezaliwa kule. Pale wanapima Jumapili tu, watu wakishatoka kanisani.

"Dada, hebu sogea," nikamwambia.

Nikafungua fomula ya jumla. Sharti la tarehe lilisema: kuanzia Jumatatu, isizidi Jumapili. Ukilisoma linaonekana zuri. Lakini kila fomu ina saa yake, na ile Jumapili ya kwenye fomula haikuwa na saa, kwa hiyo mfumo ukaichukulia kuwa saa sita usiku, siku inapoanza. Pamba iliyopimwa saa saba mchana ikaonekana imezidi, ikatupwa nje. Nikafuta, nikaandika: kabla ya Jumatatu inayofuata. Kilo za Ipililo zikaja zote.

Meneja akapiga makofi. "Mnaona faida ya msomi?"

"Si mimi, bosi," binti akasema. "Ni mama hapa."

Angenyamaza ningemchukia kwa raha. Kumbe hata roho nzuri anayo!

"Aisee mayu, mama yetu, hongera," meneja akacheka. "Basi kaa naye umfundishe mambo ya huku. Nafasi nampa yeye, inataka digrii."

"Mfundishe wewe," nikamjibu. "Au digrii yake imfundishe."

Binti akainamisha macho kana kwamba katukanwa yeye. Nikabeba mkoba, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani Somanda kumnyonyesha mwanangu. Njiani nilijua kazi nimeshaitia mchanga. Ila hilo halikuniuma kama hili: yule binti angebaki na kiti, na fomula yangu, na bado ofisi nzima ingemsifia upole.