Mkeka wa Mama Shaabani

Ukimtaka Adija wa mtaa wa Buyenzi, ulizia Mama Shaabani. Ukiambiwa hayupo, basi jua kuna mtu mahali fulani anakaribia kukata roho, na yeye yuko huko na mkeka wake. Mwanamke mfupi, mdomo mkali, muuza maandazi ambaye hata wateja wake walimwogopa. Uuguzi hakusomea. Alianza kwa kumuuguza mumewe mpaka mwisho, halafu mke wa jirani, halafu watu wakawa wanamwita wenyewe, na kabla hajakaa sawa alikuwa na wenzake saba, Waislamu kwa Wakristo, wakajiita Akina Mama wa Mkeka.

Jina lilitokana na kazi. Kila mmoja alikwenda kwa mgonjwa na mkeka wake kwapani, maana nyumba nyingi hazikuwa na kiti cha ziada, na mgeni hakai kitandani kwa mgonjwa. Hawakumponya mtu. Waliosha, waligeuza, walilisha uji, walisikiliza. Na walikuwa na sharti moja ambalo hata Adija mwenye maneno mengi hakulifanyia mzaha: mgonjwa akifikia siku zake za mwisho, mkeka haukunjwi mpaka pumzi itoke. Asife mtu peke yake.

Sharti zuri, ila ulikuwa mwaka wa tisini na saba, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jiji lilijaa vizuizi vya askari, saa kumi na mbili jioni njia zinafungwa, na vikwazo vya nchi jirani vimefanya dawa iwe kitu cha kusikia tu.

Mgonjwa wa Adija kwa miezi miwili sasa alikuwa Geneviève, kule Buterere, ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Saratani ya kizazi. Mumewe aliuawa mwaka wa tisini na tatu, majirani walikuwa wamekimbia risasi wiki iliyopita, kabaki na binti yake Raïssa, mtoto wa miaka tisa. Kufa hakukumtisha, hayo alishayamaliza na Mungu wake. Aliogopa jambo moja, kupiga kelele za maumivu mbele ya mtoto. Yeye mwenyewe alimsikia mama yake hivyo akiwa mdogo, na sauti ile haikuwahi kumtoka masikioni. Akamwapisha Adija kwamba Raïssa hatasikia. Adija akaapa, wallahi.

Kiapo kile kilitegemea chupa. Masista wa zahanati moja walikuwa na maji ya morfini kidogo, machungu kama shubiri, ya kutuliza maumivu, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Alhamisi moja wakampa Adija ya mwisho, ya siku nne, pamoja na karatasi yenye muhuri ya kuonyesha askari.

Hapo ndipo Adija alipojifanya mjanja. Siku chache nyuma, mwenzake Caritas alinyang'anywa vidonge kwenye kizuizi, akaambiwa anawapelekea waasi. Adija akasema, mimi sichezewi namna hiyo. Akaimimina dawa kwenye chupa ya Fanta, akarudishia kifuniko, na ile karatasi akaiacha nyumbani chini ya godoro, kwa kuwa ilikuwa na jina la mgonjwa na mtaa wake, na hakutaka askari wamfuate huko. Akatoka kwa miguu, mkeka kwapani, akijiona ana akili kuliko wenzake wote.

Kwenye kizuizi alisimama askari kijana, jua kali, midomo imemkauka. Akaiona Fanta. Akaichukua tu, kama mtu anavyochukua kinywaji kwa shangazi yake, akang'oa kifuniko. Adija angeweza kunyamaza. Moyo ulimwambia nyamaza, si amejitakia? Lakini ile ilikuwa dawa ya siku nne kwenye chupa moja, na kijana alikuwa na kiu ya kuimaliza kwa mkupuo.

"Mwanangu, usinywe," akasema. "Ni dawa ya mutu anayekufa. Itakuua."

Mkubwa wake akaja, akainusa, akauliza karatasi iko wapi. Iko nyumbani, Adija akajibu. Yule mkubwa hakufoka. Alimweleza taratibu kwamba akina mama wenye karatasi ya masista yeye huwapitisha, hata asubuhi hiyo amempitisha mmoja, lakini sumu ndani ya chupa ya Fanta hajui aiite nini. Akaimwaga yote mchangani. Akamrudishia chupa tupu, akamwambia apite na ashukuru.

Ashukuru! Adija alitembea akijitukana kwa sauti mpaka wapita njia wakamkwepa.

Alimkuta Geneviève amejikunja, kitenge mdomoni, dalili zote za siku za mwisho ziko usoni. Hakumficha kitu. Geneviève alisikiliza mpaka mwisho, akatoa kitenge.

"Basi chukua mutoto. Sasa hivi, uende naye kwako."

"Apana, Mama Raïssa. Na we unabaki na nani?"

"Mama Shaabani, uliapa."

Ilishapita saa kumi. Hapakuwa na muda wa kumwita mwenzake yeyote. Akikaa, amevunja kiapo. Akiondoka, amevunja sharti. Adija akachota maji. Akamwosha Geneviève, akambadilishia nguo, akamsogezea maji, akaukunja mkeka huku mgonjwa anamtazama. Hajawahi kufanya hivyo maishani mwake. Raïssa akamuaga mama yake, akabeba kifurushi chake.

Walikuwa wamefika kwenye mifereji ya mpunga waliposikia kelele za Geneviève nyuma yao. Adija akamziba mtoto masikio kwa viganja vyote viwili. Raïssa akaiondoa mikono ile polepole.

"Tanti, mi nasikia kila siku. We ukiondoka tu, anaanza. Mi najifanya nimelala ili asijue."

Adija akasimama njiani. Miezi miwili yote! Kumbe hata kijiko kile hakikutosha, na mama alijizuia mpaka mgeni atoke, na mtoto alifumba macho kwa ajili ya mama. Wakageuka, wala hakuna aliyemwambia mwenzake turudi.

Alipowaona mlangoni, Geneviève alijaribu kuuma kitenge tena. Raïssa akakichukua, akapanda kitandani, akamlalia begani.

"Lia, mama. Mi nilishasikia."

Geneviève akalia. Alilia njia zikafungwa, akalia giza likaingia, na Adija hakuwa na kijiko cha kumpa wala neno la kumwambia. Alikaa kwenye mkeka amemshika miguu, analia naye bila aibu. Hakuna kilichosaidia. Alfajiri pumzi ikatoka, Raïssa akiwa bado amemlalia. Adija akamfumba macho, akangoja njia zifunguliwe, ndipo akaukunja mkeka.