Radhi za Mama na Lile Dege la Zamani

Kazi yangu ni kukagua madege. Nasema madege kwa sababu ndivyo tunavyosema sisi Waswahili tuliokutana kazini huko Ghuba. Ndege, kwetu, ni zile nyembamba zenye njia moja katikati ya viti. Dege ni lile pana lenye njia mbili, ambalo ukisimama chini ya tumbo lake huoni jua. Neno hilo limenikaa mdomoni kiasi kwamba hata nikirudi Malindi kwa likizo narudi nalo.

Safari hii sikurudi kupumzika. Nilirudi kuwachukua mke wangu na binti yetu mchanga. Nilikuwa nimechoka kuwa mume wa simu na baba wa picha. Kibali cha kukaa na familia kilikuwa kimetoka, nyumba imepatikana, tiketi zimekatwa. Zilibaki radhi za mama tu. Kwetu mtu hamchukui mtoto mchanga akavuka naye bahari bila bibi yake kuridhia kwa moyo mmoja. Tena mke wangu, aliyekaa na mama tangu nimwoe, alikwisha kuniambia wazi kwamba mama akikataa, yeye habanduki.

Siku ya kwanza tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mama akauliza tutasafiri na ndege gani. Hapo nikapata pa kujisifu. Nikamwambia tutapanda dege ninalolijua mwenyewe, la zamani, lakini nimelikagua mpaka mbavuni. Mama alikuwa amempakata mtoto. Akamfunika kichwa kwa pindo la leso yake, akasema mtoto haendi.

Nilidhani kilichomshtua ni ule uzamani. Nani asingedhani hivyo? Hata abiria waliosoma wakiona kiti kimechubuka huanza kunong'ona. Basi nikajitwika kazi ya kueleza, na mimi nikishaanza kueleza kazi yangu sina breki. Mke wangu husema chai hupoa kwa kunisikiliza.

Mama aliuliza swali la haki kabisa: hao wenye mashirika mbona hawanunui mapya? Nikamwambia wanayataka, tena wameyaagiza, ila viwandani kuna foleni ndefu, na ahadi za viwanda ni kama za mafundi wa nguo karibu na Idi. Hata hayo mapya yaliyokwisha kufika, baadhi yake injini zimelazimika kung'olewa kabla ya wakati wake, yamekaa yakingoja vipuri. Na abiria hawangoji. Kuna wa umra, kuna wa matibabu India, kuna wa harusi. Kwa hiyo mwenye dege la zamani halitupi. Hulikagua, hulipaka rangi, hulirudisha kazini. Ni kweli linakunywa mafuta kwelikweli, lakini bei yake ilikwisha kulipwa zamani, na marubani na mafundi wanalijua kwa kila tabia yake. Na yale yanayostaafishwa hufumuliwa, vyombo vyake vizima vikakaguliwa na kufungwa kwenye yale yanayoendelea kuruka. Hilo mama alilielewa upesi. Akasema ndivyo alivyokuwa akitushonea sisi, gauni moja kuukuu lilitoa mashati mawili.

Nikaona napata njia, nikazidi. Nikamweleza kwamba dege halihesabiwi umri kwa miaka peke yake. Kila likipaa hujazwa hewa ndani ili watu wapumue, na likishuka hewa ile hutolewa, na huko kuvimba na kunywea ndiko kunakochosha bati. Madege makubwa huenda mbali, kwa hiyo hupaa na kutua mara chache kuliko ndege ndogo za umri uleule. Tena kila baada ya muda tunalivua lote: viti, mazulia, dari, mpaka ibaki mifupa. Tunaingia na taa na vipimo vinavyoona ufa usioonekana kwa jicho. Dege likiwa na ufa wa kutisha halitoki mpaka litengenezwe, na lisipotengenezeka halitoki tena.

Mama alisikiliza yote. Aliitikia kwa kichwa pale panapostahili kuitikiwa. Kisha kila nilipomaliza alinisomea dua kwa kazi yangu njema, akampulizia mtoto utosini, akasema mtoto haendi.

Hasira zilinipanda, sitaki kudanganya. Siku za kuondoka zilikuwa zakaribia, nami nikiona nitarudi peke yangu kwenye nyumba niliyokwisha kuinunulia kitanda cha mtoto. Nikamwambia mke wangu kwamba mama amekuwa mkaidi tu. Yeye akasema huenda si dege analolikataa. Nikamjibu kama si dege ni nini basi, nikatoka nikaenda kukaa barazani nimenuna.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, mama alimwomba mke wangu ampeleke mtoto kwa jirani. Walipotoka akafunga mlango, akakaa mbele yangu.

"Uzee wa ndege yako siuogopi," alisema. "Mimi mwenyewe ni mzee na bado natembea. Lakini wewe tangu uje, mtoto yuko mapajani mwangu nawe wamtajia dege. Dege kubwa, dege la zamani, dege litawachukua. Kwani wewe hujui dege ni nini?"

Nilijua. Nilikuwa nimesahau tu. Dege ni ule ugonjwa wa watoto wachanga, mwili ukakakamaa, macho yakageuka juu, na wazee wetu husema kuna ndege amempitia mtoto. Sisi wa leo twauita degedege, muuguzi wa kliniki akatwambia ni homa kali, tukarudi nyumbani na dawa. Lakini kwa mama lile neno halitajwi nyumba yenye mtoto. Kulitaja ni kuliita. Ndiyo maana hakuweza hata kunieleza kosa langu mpaka mtoto atolewe nje, nami siku zote zile nilikuwa nikimjibu kwa kulitaja zaidi.

"Nduguyo lilimchukua mikononi mwangu," alisema. "Tuko njiani twenda hospitali."

Nilijua kuna aliyenitangulia akafa. Sikuwahi kuuliza alikufaje, wala mama hakuwahi kusema. Maelezo ya homa na malaria yalinijia mpaka kwenye ulimi, yamepangika vizuri, na nikayameza. Nilimhurumia mamangu. Nikamwambia tutapanda ndege. Kubwa, lakini ndege.

Akarudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akasema twende, radhi zake tunazo, ila ana sharti moja.

"Mkifika usinipigie kuniambia limetua. Niambie mtoto amefika."

Tuliondokea Mombasa. Mtoto alilia wakati wa kupaa, akanyonya, akalala mpaka tukashuka. Tulipoingia nyumbani tulimlaza mtoto kitandani, nikampigia mama simu kabla ya kuvua viatu, nikamwambia mtoto amefika. Akaniambia niiweke simu karibu naye. Nikamwambia amelala, hatasema kitu.

"Sitaki aseme," alisema.

Nikaiweka simu kwenye mto wa kulalia, karibu na pua ya binti yangu. Mama akawa upande wa pili akimsikiliza anavyopumua, na mimi na mke wangu tukasimama pale pale na mizigo yetu miguuni, hakuna aliyethubutu kusogea.