Kibao cha Bibi Kilibaki Dar

Mwezi uliopita nilishuka Dar kuchukua mali ya duka langu la Tabora. Nilimaliza mapema kuliko nilivyotegemea. Vitenge, mashuka, ndoo na mabeseni, vyote vilifungwa kwenye viroba na kupakiwa kwenye lori, nami nikabakiwa na nusu siku. Basi nikajivuta hadi Mtaa wa Likoma, hapo hapo Kariakoo, kuangalia nyumba tuliyokuwa tumepanga nilipokuwa mtoto.

Haipo. Nilijua haipo, kwa hiyo sikujishika kichwa. Pamesimama ghorofa, na pale palipokuwa uani kwetu panauzwa mabegi ya shule. Kijana mmoja akanidaka mkono: "Karibu dada, jumla au rejareja?" Nikamwambia nachungulia tu. Kilichoniuma kilikuwa kitu kidogo. Ilikuwa saa ya kukuna nazi, na sikusikia hata nazi moja ikikunwa.

Kama umekulia kwenye zile nyumba za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na ua nyuma, unaijua sauti ninayoisema. Alasiri ikifika, kila mwanamke alitoa kibao chake cha mbuzi, akakikalia, akaanza kukwangua nazi kwenye ule ulimi wa chuma wenye meno. Ua mzima ulikuwa ukilia krrr, krrr, na huku watu wanasengenyana kwa sauti ya juu ili wasikike. Chumba kimoja kilikuwa chetu, mimi na Bibi. Bibi alipika vitumbua na maharage ya nazi, akawauzia wabeba magunia wa sokoni, kazi aliyoianza kabla mimi sijazaliwa. Mimi nikitoka shule nilikuna nazi, nikachuja, na kutenga tui la kwanza pembeni kwa sababu hilo huingia mwisho, moto ukishapunguzwa. Nikichanganya matui, Bibi aligundua kwa harufu tu, akiwa bado mlangoni.

Kibao chake kilikuwa cha mninga, alichongewa na fundi wa Keko enzi za usichana wake. Kilikuwa kimekaliwa mpaka kikang'aa. Kovu nililonalo kwenye kidole gumba limetoka kwenye meno yake, na sioni aibu kusema nilikipenda kuliko kitu kingine chochote mle chumbani.

Chumba cha kuelekeana na chetu alikaa jirani mmoja, mwanamke wa Kizaramo. Bibi yangu Mnyamwezi. Makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu, na hao wawili waliutumikia utani huo kuanzia alfajiri. Jirani akimwona Bibi na beseni kichwani, alimwuliza, "Haya mpagazi, msafara wa wapi leo?" Bibi alimjibu kwamba anawapelekea chakula watu wanaofanya kazi, na kwamba Mzaramo hawezi kuwajua watu wa namna hiyo, maana ngoma ya mdundiko ikilia hata sufuria analiacha motoni. Miaka yote sikuwasikia wakiambiana neno la kawaida. Bibi alipolazwa na malaria, jirani alimnywesha uji kwa kijiko huku akimwambia afe upesi, yeye anakitaka kitanda. Mimi nililia. Bibi alicheka mpaka uji ukampalia.

Nilipokuwa darasa la nne mwenye nyumba alifariki, wanawe wakauza kiwanja, tukaambiwa tuhame. Wapangaji wengine walitafuta vyumba Ilala, wengine Buguruni, jirani yetu mmojawapo. Bibi alisema umri wake si wa kuanza mtaa mpya. Angerudi kwao Tabora, na mimi ningekwenda naye. Niliona kama naambiwa tunahamia mwezini. Tiketi za treni zikakatwa.

Siku moja kabla ya safari, asubuhi, tukiwa tunafunga mizigo, jirani aliingia chumbani bila hodi. Akaangaza huku na huku, akakiona kile kibao, akakiinua na kutoka nacho. Kwa watani huo si wizi. Mtani akikamata kitu chako, ni chake mpaka ukikomboe kwa masharti yake, na ukinuna umeshindwa.

"Kirudishe," Bibi akamfuata ukumbini.

"Huko kwenu mnakula michembe, viazi vikavu, na mboga ya karanga. Kibao cha mbuzi utakunia nini, mawe?"

"Sema unataka nini, mtani. Nina kazi."

Jirani aliweka kibao chini, akakikalia, akanyoosha miguu. "Umekaa mji huu mpaka umezeekea humu, na huujui. Unajua njia ya sokoni na njia ya msikitini, basi. Watu wa kwenu wakikuuliza Dar ikoje, utawaambia nini? Ina maharage? Leo unatembea na mimi. Kuanzia hapa mpaka ng'ambo, Kigamboni. Ukikanyaga ng'ambo, unachukua kibao chako."

Jirani alikuwa anasema kweli. Bahari ilikuwa umbali wa kwenda kwa miguu, na mimi mwenyewe nilishamwomba Bibi mara nyingi anipeleke. Jibu lake lilikuwa hilo hilo kila mara: "Bahari haiendi popote." Kisha anarudi kwenye maharage yake.

Siku hiyo alikubali. Alitoa sandukuni doti ya khanga ambayo haijawahi kufuliwa, akanipaka mafuta mpaka miguuni, tukatoka watu watatu. Jirani alibeba kile kibao kichwani, kwa sababu, alisema, hawezi kumwachia Mnyamwezi dhamana bila ulinzi. Tangu Msimbazi watu walikuwa wakigeuka kumtazama. Bibi alitembea nyuma yake mikono mitupu, amefurahi waziwazi. "Haya," akawa anamwuliza kila mtu tunayepishana naye, "leo mpagazi ni nani hapa?"

Tulivuka Mnazi Mmoja. Kwangu pale ndipo Kariakoo inapoishia na mji wa wenyewe unapoanzia. Tukapita mitaa ya Uhindini, inanukia ubani na bhajia, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza vya juu. Tukafika kwenye Sanamu ya Askari. Jirani akaeleza, kama mwenyeji anayejua kila kitu, kwamba ile bunduki imeelekezwa bandarini ili Wanyamwezi wasiibe meli. Bibi aliizunguka sanamu yote, akasema huyo askari angalau amesimama, Mzaramo angekuwa amekaa.

Jirani alikuwa na mpwa wake anayefagia ofisi kwenye ghorofa moja la Posta. Akatupandisha kwa lifti. Mlango ulipojifunga Bibi alinishika bega kwa nguvu mpaka nikasema nimeumia, na ulipofunguka tulikuwa juu ya mji. Niliona meli, na winchi za bandarini zikinyanyua makontena. Bibi hakuziangalia. Alikwenda dirisha la upande wa pili akalitambua paa la soko la Kariakoo, lile lenye miamvuli ya zege, kisha akaanza kutafuta bati la nyumba yetu. Alitafuta sana. Mabati yote yalikuwa yana kutu sawasawa.

"Kumbe mji wenyewe mdogo hivi," akasema, "na mimi nimechoka hivi."

Jirani akatuita kwenye lifti, tukashuka.

Tulikula mihogo ya kukaanga Kivukoni, mimi nikanunuliwa aiskrimu iliyoyeyuka mpaka kwenye kiwiko, tukashuka hadi Feri. Pantoni lilikuwa limeegesha na watu wanamiminika kutoka Kigamboni, baiskeli, matenga, kuku, wanafunzi. Bibi alivua kandambili, akasogea pembeni kwenye maji, akayachota, akanawa uso, akaonja na kutema. Jirani alishatangulia na kibao chake kichwani. Akageuka kutuita.

"Njooni, linaondoka!"

"Sipandi," Bibi akasema.

"Hupandi nini?"

"Naogopa maji."

Jirani alifanya kile ambacho mtani yeyote angefanya. Aliwageukia wauza samaki akapaza sauti: "Jamani njooni muone! Mnyamwezi kaogopa maji! Pembe za ndovu kabeba, maji ya magotini yamemshinda!" Soko zima la samaki likaangua kicheko. Pantoni likaondoka, likarudi, likaondoka tena. Bibi amesimama pale pale. Mimi nilikuwa navuta khanga yake na kulia. Nilitaka kupanda pantoni, ndiyo, lakini zaidi nilitaka kibao chetu. Ng'ambo ilikuwa hapo tu, nyumba zake zinaonekana. Nilimwona Bibi mkatili.

"Bibi, kibao!"

"Kiache. Kigamboni haiendi popote."

Jirani akaacha kucheka. Walitazamana, halafu akakiweka kibao sawa kichwani na tukaanza kurudi. Kutoka Feri mpaka Mnazi Mmoja hakuna aliyemtania mwenzake. Ukimya ule ulinitisha kuliko habari yote ya kuhama.

Siku iliyofuata jirani alikuja stesheni kutusindikiza. Alikuja na kibao. Alikiweka hapo sakafuni, mbele ya dirisha letu, akakikalia na kuanza kutafuna karanga ambazo Bibi alikuwa amemwachia. Treni lilipopiga honi kila mtu alisimama kupunga mkono, yeye peke yake akabaki ameketi.

"Kitunze, mvivu we!" Bibi akamwambia kupitia dirishani.

"Njoo ukikomboe, mwoga we!"

Waliagana hivyo. Bibi alijifunika uso kwa khanga mpaka tulipopita Ruvu.

Tabora tulipika mboga ya karanga, kama jirani alivyotabiri. Nilizoea, shule nzuri, maembe tele. Masika ya pili tulikwenda msibani upande wa Kaliua na tukakuta mto umefurika. Palikuwa na mtumbwi mmoja, unavuja, mpiga kasia anayatoa maji kwa kopo. Wanaume wawili walikataa kupanda. Bibi alikunja khanga, akaingia, akaketi katikati na kufungua kifuko chake cha karanga. Nilimtazama njia nzima. Akaona ninavyomtazama, akanigawia karanga, na hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, si siku ile wala baadaye.

Sasa turudi mwezi uliopita. Fundi cherehani mmoja mzee, aliyebaki Mtaa wa Likoma mpaka leo, alinielekeza anakoishi jirani yetu. Buguruni, kwa binti yake, nyuma ya gereji. Namba za simu tulishapotezeana siku nyingi. Nilimkuta mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amekaa juu ya kibao cha Bibi. Mguu mmoja wa kibao umebadilishwa. Chuma kimeliwa meno karibu yote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akanikazia macho. "Nani?"

"Yule mkuna nazi wa Likoma. Mjukuu wa Mnyamwezi."

"Ah! Mpagazi mdogo!" Akapiga makofi. "Mwoga wako umemwacha wapi?"

Nikamwambia. Bibi alitutoka masika iliyopita, alilala tu na hakuamka. Gereji walikuwa wanagonga bati, ikabidi jirani asubiri wamalize.

"Kafa makusudi," akasema, "ili asivuke."

Akacheka, na machozi yanamtoka, akayafuta kwa ncha ya khanga. Na mimi vilevile. Ndivyo mtani anavyolia msibani, na huo msiba ulikuwa umechelewa kumfikia.

Tulikaa. Aliniambia siku hizi humo ndani hakuna anayekuna nazi kwa mkono, wajukuu wanapeleka gengeni kwenye mashine, dakika tu imekwisha. Kibao anakikalia tu. Kisha akashika mwimo wa mlango, akajiinua polepole, akakisukuma kwangu kwa mguu.

"Kichukue. Mwenyewe hayupo. Nitamkatalia nani sasa?"

Nilikiinua. Niseme ukweli, nilikitaka. Nilikitaka tangu darasa la nne, na begi langu lilikuwa na nafasi. Lakini nilimtazama yule mama amesimama kwenye mlango, ameshikilia mwimo, hana pa kukaa, na ndipo nilipomuona Bibi yangu pale Feri, miguu majini, anawasikiliza wauza samaki wakimcheka. Hakuogopa chochote. Aliacha kitu mjini ili mtu wake abaki anamdai kuvuka.

Nikakirudisha nyuma yake.

"Sijavuka, bibi. Sharti lilikuwa kuvuka."

"Twende basi. Hata sasa hivi."

"Leo siwezi," nikasema. "Naogopa maji."

Akakaa, taratibu, akanyoosha miguu kama siku ile ukumbini.

"Nyie Wanyamwezi," akasema, "ni wale wale."

Nyumba ya Likoma haipo, ua haupo, Bibi hayupo. Na huyu naye nilimwacha mlangoni akiwa mzee kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nilipokuwa naondoka akanipigia kelele, mpaka mafundi wa gereji wakageuka:

"Ukija kuvuka, njoo na karanga! Mimi siendi popote!"

Karanga nimeshanunua. Ziko dukani, nyuma ya viroba vya mashuka.