Kilichorudi Bila Kuingia

Kazi yangu, ninayoifanya katika chumba cha kupanga mjini Homa Bay, ni kuandika programu za kiini, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi wa kompyuta. Kiini kina mamlaka juu ya kumbukumbu yote ya mashine. Hata hivyo, programu ya mtumiaji inapokipa anwani na kusema data yake iko hapo, kiini hakiruhusiwi kuingia na kujichukulia. Huenda anwani ni ya uongo. Huenda ukurasa wenyewe wa kumbukumbu haupo tena. Kikigusa kwa pupa, mashine nzima inaweza kuanguka. Sharti kitumie amri maalumu ya kunakili, ambayo huvuka mpaka kwa tahadhari, hubeba inachoweza, kisha hurudi na hesabu. Wageni wa kazi hii hushangaa kwamba hesabu hiyo si ya baiti zilizovuka. Ni ya zile zilizoshindwa kuvuka. Sifuri ndiyo habari njema.

Nyumbani kwetu ni Migori. Boma ni langu, na hata mabati ya simba, nyumba ya mwanangu iliyo karibu na lango, niliyanunua mimi. Lakini kwetu Wajaluo, baba haingii katika simba ya mwanawe.

Mwaka huu mwanangu alirudi kutoka migodi ya Osiri mikono ikimtetemeka. Huko alikuwa akikamata dhahabu kwa zebaki, bila glavu. Alijifungia ndani, akaanza kukonda. Nilitaka jambo moja tu: akubali nimpeleke hospitali.

Niliita nikiwa nje, bakuli la uji mkononi. Mlango haukufunguliwa. Mama yake tulikwisha kumzika, kwa hiyo aliyebaki wa kuingia ni mama yangu, kwa kuwa bibi hakatazwi.

"Nitavunja huu mlango, mama."

"Uvunje umletee chira?"

"Chira si ndiyo humkondesha mtu aliyevunja mwiko? Huyu amekwisha kukonda."

"Basi usimwongezee. Lete huo uji. Msomi mzima, kungoja hujui!"

Mwanangu alimfungulia bibi yake, naye akaingia na lile bakuli pamoja na maneno yangu. Nikamsikia akimtania mjukuu wake kama bibi wote wa kwetu: "Mume wangu, mbona siku hizi unanikimbia?"

Sauti hafifu ikamjibu bibi yake, "Dani, nguvu za kuoa zimeniisha."

Nilicheka peke yangu pale uani. Sikuwa nimecheka tangu arudi.

Mama alipotoka, bakuli lilikuwa limejaa, uji umefanya utando juu.

"Hajanywa?"

"Kijiko hakikai mkononi. Nikataka kumnywesha, akafunga mdomo."

"Na hospitali?"

"Hiyo nayo haikuingia. Anasema wenzake wa shimoni walipelekwa, wakarudi vilevile."

Akanikabidhi bakuli. Lilikuwa na uzito uleule niliompa.

Kazini, kunakili kukishindwa, kiini huijibu programu kwamba anwani ni mbaya, na mashine huendelea na shughuli nyingine. Nami huendelea. Jumatatu hurudi Homa Bay, nikaandika amri ileile kwa uangalifu uleule, na hainifundishi lolote la kumfanyia mtu aliyefunga mdomo.

Jumamosi nitakwenda tena. Mama atapokea bakuli nje ya simba, ingawa magoti yameanza kumkatalia. Nitasimama uani, nikingoja kuona limerudi na kiasi gani.