Mistari ya chaki ya Mama Povu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya madumu imeshafika mlangoni kwa fundi viatu. Wengi hawajanawa uso, lakini habari za jana zimeshagawanywa zote.

Mbele, juu ya kigoda, ameketi mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Shingoni ana kamba, na kwenye kamba kuna ufunguo wa kisanduku cha swichi ya pampu.

"Shikamoo Mama Povu, nichotee haraka, nachelewa kazini."

"Marahaba, baba. Ungelala na dumu lako hapa, ungekuwa wa kwanza."

Watu wanacheka. Anapima ndoo mbili za maji, anammiminia, kisha anachora mistari miwili ya chaki ukutani, chini ya namba ya chumba cha huyo mwenye haraka.

Mama Povu ni dobi. Nyumba anayoishi ina vyumba kumi na viwili na kisima kimoja. Mwenye nyumba alichimba kisima, akaweka pampu, basi. Umeme wa kuvuta maji wanajuana wapangaji wenyewe.

Zamani kila chumba kililipa sawa. Fundi viatu, anayeishi peke yake, akagoma. "Jirani zangu wako saba, wanaoga kama bata," anasema. Wakajaribu kulipa kwa kichwa, wageni wote wakawa wapita njia. Shemeji mmoja alipita njia kwa miezi minne.

Kikao kikakata shauri: kila ndoo shilingi kumi. Makofi yakapigwa. Hakuna aliyeuliza ndoo ipi.

Ndani ya wiki ndoo ndogo zilitoweka uani. Mama wa mapacha alikuja na beseni la kuogeshea wanawe, akaapa ni ndoo. "Ndoo ina mshikio mmoja, hili lina miwili. Kosa langu nini?" Mwezi ulipoisha, makusanyo hayakufika nusu ya gharama ya umeme. Pampu ikanyamaza siku tatu.

Ndipo Mama Povu alipotoa ndoo yake ya bluu, ya lita kumi. Kila tone lipimwe kwa hiyo hiyo, hadharani. Wakamkabidhi na ufunguo.

Jioni ya siku ya kwanza, mistari ya chumba chake ilikuwa imekata kona ya ukuta. Ndoo arobaini.

"Nilijishitaki mwenyewe," anasema.

Kwa siku hupata shilingi elfu moja na mia mbili. Sabuni hula mia tatu. Maji, yaliyokuwa yakimgharimu hamsini, sasa yalitaka mia nne. Kwa mia tano zilizobaki asingeweza kula, kulipa kodi na kumsomesha bintiye.

Anakiri kwamba alisimama mbele ya ukuta na kitambaa kibichi mkononi. "Ningefuta, wangejua. Hapa ukikohoa, chumba cha kumi na mbili wanakupa pole."

Hakufuta. Aliwaambia wenzake kwamba atalipa, lakini mwisho wa mwezi anaacha kufua.

Aliyemzuia ni yule yule fundi viatu. "Vyoo vyetu tunavimwagia maji safi, na huyu anamwaga maji ya suuza mtaroni. Tuna akili kweli?"

Tangu hapo, kila ndoo ya suuza anayomimina kwenye pipa la chooni inamfutia mstari mmoja. Kwa siku hufutiwa ishirini na miwili, na anayefuta ni fundi viatu. "Mtu asishike chaki yake mwenyewe," anasema.

Pipa hilo hujaa kabla ya saa nane, na suuza ya jioni bado inakwenda mtaroni. Mama Povu ameshaweka akiba nusu ya bei ya pipa la pili.

Foleni imeisha. Anajichotea ndoo yake ya kwanza na kumnyooshea fundi viatu chaki.

"Nikipata lile pipa," ananong'ona, akimtupia jicho, "mistari yangu itapungua, hata huyu anayeishi peke yake nitamkaribia."

"Nimesikia!" fundi viatu anajibu, akichora. "Na mimi naacha kuoga."